Pampu za majitaka mtaani kwetu: tulianza na "hatutaki", tukaja kudai mengine kabisa

Kuna watu wa mtaa mwingine wamenifuata juzi wananiuliza nyie mlifanyaje mpaka wale jamaa wa majitaka wakakaa chini na nyie, maana na kwao wameambiwa kituo kinapanuliwa na watu wameshaanza kuchangishana hela ya wakili. Nikaona badala ya kuongea na kila mtu kwenye simu bora niandike yote kwa pamoja, ni marefu mnisamehe, mimi ndo nilikua katibu wa kamati ya wakazi kwahiyo makaratasi mengi yamepita mkononi kwangu. Sitataja mtaa wala ofisi, haina haja, watu wa Dar mtaelewa tu.

Sisi tupo bondeni. Juu yetu kuna maghorofa, maofisi, hosteli, nyumba za watumishi za zamani, huko ndo kuna mabomba ya majitaka tangu enzi hizo. Majitaka yao yanateremka yenyewe mpaka kwetu, maji hayana adabu yanaenda palipo chini, na yakishafika chini lazima kuwe na pampu ya kuyainua tena yaende mbele kwenye bomba kubwa. Hiyo ndo kazi ya kituo. Ukikiona kwa nje ni ukuta tu, geti la bati, mlinzi na redio yake. Sasa kitu ambacho mtu wa nje hakijui ni kwamba sisi tunaopakana na ule ukuta karibu wote hatujaunganishwa na lile bomba. Tuna vyoo vya shimo na makaro. Na sio sisi tu, Dar yote hii wanaotumia bomba la majitaka ni wachache mno, ni kama mtu mmoja kwenye kila kumi, waliobaki ni mashimo na magari ya kunyonya. Kwahiyo sisi tunakula harufu ya choo cha mtu mwingine, na cha kwetu kikijaa tunaita gari tunalipa. Hilo mliweke kichwani maana kila kitu kilichofuata kinarudi hapo, ingawa ilituchukua muda mrefu sana kulisema kwa sauti.

Habari ya upanuzi haikuja kwa barua wala kwa mjumbe. Walikuja vijana na tepu na kopo la rangi nyekundu, wakapima, wakachungulia chungulia, nyumba zilizo nyuma ya ukuta zikachorwa X na namba, wakaondoka zao. Mwenye nyumba mmoja alikua kazini, karudi jioni kakuta X chini ya dirisha la watoto hajui ni ya nini, akaifuta kwa mafuta ya taa, wakaja tena wakachora kubwa kuliko ya kwanza. Mtu wa Dar akiona X nyekundu tumbo linamvuruga hata kama sio nyumba yake, watu wameshavunjiwa kwa barabara, kwa reli, kwa bonde. Kabla wiki haijaisha ofisi ya serikali ya mtaa ilikua haina pa kukanyaga.

Mkutano ule wa kwanza ulikua ni "hatutaki" mwanzo mwisho. Hatutaki pampu, hatutaki harufu, wakapeleke mavi yao hukohuko juu. Mabango yakaandikwa kwenye maboksi, saini zikakusanywa kwenye daftari la shule, grupu la WhatsApp likafunguliwa na kwa usiku mmoja likajaa sauti za watu wanafoka mpaka wengine wakajitoa kwa sababu bando linaisha. Na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikua unanukia, kwahiyo kila mwenye ndoto ya uongozi alikuja kutuambia yupo na sisi. Sikatai, hasira ile ilikua na haki yake, ila ukiisikiliza vizuri ilikua haimwambii mtu afanye nini.

Ili muelewe hasira yenyewe inabidi niwarudishe nyuma kidogo, mwisho wa 2023, zile mvua za El Niño, na mgao wa umeme nao ulikua umekolea. Umeme ulikatika jioni, mvua ikaanza usiku, na jenereta pale kituoni lilikuwepo ila limefunikwa turubai miaka na miaka hakuna aliyewahi kulisikia likinguruma. Sasa huko juu watu wanaendelea kuflashi na kuoga, mvua nayo inaingia kwenye machemba, vyote vinateremka kwetu na pampu zimelala. Chemba iliyo mbele ya duka la mangi ilianza kububujika pembezoni mwa mfuniko. Ulikua mfuniko wa zege, ule wa chuma uliibiwa zamani ukaenda kwa wanunua chuma chakavu. Mfuniko ukaanza kucheza, unainuka unagonga, unainuka unagonga, mpaka ukasukumwa pembeni kabisa. Yaliyotoka hayakua meusi kama watu wanavyodhani, yalikua ya kijivu yana povu la sabuni, vinaelea vitu vyeupe vyeupe, pampasi, pedi, vitambaa. Yakaingia kwa bi mkubwa mmoja mkaanga samaki, nyumba yake ipo chini ya barabara kwa ngazi mbili, ndoo ya unga na jiko la mkaa vikawa vinaelea pamoja humo ndani. Asubuhi tumemkuta kaweka godoro juu ya meza anapiga deki kwa Dettol, anatuangalia anasema, "Hebu niulizieni hiki choo cha nani, nikamdai hela ya unga."

Bwana afya alikuja kugawa vidonge vya kutibu maji na kutuonya, na hakuhitaji kueleza sana maana watu wanakumbuka kipindupindu cha Agosti 2015 kilivyoanzia hapa hapa Dar kikasambaa mikoani. Na tusijifanye malaika, usiku uleule kuna majirani walitapisha vyoo vyao, unatoboa karo pembeni mvua inabeba, asubuhi unalaumu kituo. Kila mtu anawajua na hakuna aliyewataja kwenye mkutano hata mmoja.

Sasa kwenye kamati ndo nikaanza kuona kwamba "sisi wakazi" ni neno tu la kwenye barua. Wenye nyumba zenye X walikua hawapingi pampu, walikua wanapinga bei, ukiwapa fidia ya maana wanahamia Chanika kesho asubuhi. Wenye nyumba wasio na X walikua na hofu thamani ya nyumba itashuka, wapangaji watakimbia. Wapangaji wenyewe, ambao ndo wengi na ndo wanaolala na harufu, hawakua wanaitwa kwenye kamati kabisa, eti wao ni wapita njia, mtu kakaa mtaani tangu mtoto wake yupo chekechea saivi yupo fom tuu bado ni mpita njia. Halafu kuna wa huko juu, wao wakisikia tunapinga wanasema hao ndo wapinga maendeleo, na ukweli ni kwamba vyoo vyao vilikua vinarudisha maji kila mvua ikinyesha, kwahiyo pampu kubwa kwao ni raha tupu. Yaani raha iko juu, karaha iko chini.

Aliyegeuza mambo ni mzee mmoja mstaafu, maisha yake yote alikua fundi wa pampu kwenye kiwanda cha nguo. Alikua anakuja kwenye vikao anakaa nyuma haongei. Siku moja watu wanabishana nani abebe bango la mbele, akanyoosha mkono akasema, "Wanangu, hiki kituo hamjaletewa, kipo. Mkisema hapana na wakawakubalia, mnabaki na mashine zilezile zilizowaletea mavi mpaka kitandani. Hapana yenu inalinda pampu mbovu." Vijana wakamzomea kidogo, kuna mmoja akauliza mzee umelipwa shilingi ngapi, lakini baadae jioni watu walewale wakawa wanapita kwake mmojammoja kuuliza, mimi nikiwemo.

Yeye ndo alitufundisha pampu ya majitaka inafanyaje kazi, kwa kijiti, kwenye mchanga nje kwake. Chini ya kile kijumba kuna kisima. Majitaka yanaingia, yanapita kwanza kwenye chujio la nondo linalozuia matambara na chupa, yakijaa mpaka kiwango fulani kuna boya linaelea linawasha pampu, pampu inayasukuma kwenye bomba mpaka sehemu ya juu kisha huko yanatiririka tena yenyewe. Kisima kikipungua pampu inazima. Ndo hivyo tu usiku na mchana. Harufu haitoki kwa sababu kituo ni kikubwa, harufu inatoka pale maji yanapokaa muda mrefu bila hewa, wadudu wanatengeneza ile gesi ya salfa inayonuka yai viza. Kwahiyo pampu nzuri inayowaka mara kwa mara kwenye kisima kisichozidi mahitaji inanuka kidogo kuliko kijipampu kichovu ambacho maji yanakilalia. Na unaweza ukajenga kisima kikubwa kupita kiasi, kizuri kwa picha za uzinduzi, maji yakalala humo masaa, mkanuka zaidi ya mwanzo. Akasema swali la kuuliza sio pampu ni kubwa kiasi gani, muulize injinia maji yatakaa kisimani muda gani. Akikwambia kawaida hayazidi kama nusu saa hivi, mnaongea lugha moja. Akianza kujikuna, bado hajapiga hesabu.

Halafu akatuonyesha kitu ambacho nilikua nakipita kila siku. Makufuli ya shaba ya nyumba zilizo karibu na bomba la kupumulia la kituo yote yamekua meusi, na yale ya mtaa wa pili bado ya njano. Kasema hiyo ni gesi ileile, inakula shaba, inakula nyaya, mle ndani ya chemba ikikutana na unyevu inageuka tindikali inamomonyoa zege. Ndo inayoua vibarua wanaozamishwa kwenye machemba bila vifaa, kidogo inanuka, ikizidi pua inakufa ganzi hausikii kitu unaanguka. Tukapiga picha makufuli, kufuli jeusi na kufuli la njano tukaziweka pamoja kwenye karatasi moja. Nakwambia ile karatasi ilifanya kazi kuliko saini zote za daftari la shule, kwa sababu saini mtu anasema hao wamechochewa, kufuli halichochewi.

Baada ya hapo tukaenda kuomba kusoma ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Hii wengi hawaijui: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi wa namna hii ufanyiwe tathmini na wananchi washirikishwe, na ripoti ya kwetu ilipita NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, sio siri ya mtu. Tulizungushwa, njoo kesho, afisa yupo safari, andikeni barua, barua iwe na muhuri wa mtaa. Mtendaji wetu, Mungu ambariki, alipiga muhuri bila kuuliza posho. Ripoti yenyewe ya Kingereza, nene, ina muhtasari wa Kiswahili kurasa chache mwanzoni. Mimi niliruka nikaenda nyuma kabisa kwenye orodha ya walioshiriki vikao vya maoni. Majina yapo, saini zipo, namba za simu zipo. Wote wa huko juu. Kikao kilifanyika ukumbini juu, na wa bondeni hakuna hata mmoja, labda waliona kuteremka ni mbali.

Sikupiga kelele. Nilitoa kopi ile orodha nikaipitisha kwenye kikao cha kamati mkono kwa mkono, kila mtu akatafuta jina lake. Hapo ndo tukakubaliana kwa kauli moja, kwa mara ya kwanza, kwamba tunaomba kikao kifanyike upya kwetu, bondeni, kwenye uwanja wa madrasa, na wapangaji waitwe.

Walikuja. Wakili hatukua nae, wale waliochanga hela tukawarudishia. Walikuja na maturubai yao, maji ya chupa, injinia kijana mpole tu, afisa wa jamii, na diwani. Injinia akaanza na michoro, akaeleza vizuri kwa kweli, sikumwona kama mtu mbaya. Mzee akauliza swali lake la muda wa kisimani. Kijana akatabasamu, nadhani hakutegemea, akapekua pekua akajibu, na wakaongea wawili pale kama watu waliofahamiana zamani. Pampu ya akiba ipo? Ipo moja. Bomba la kupumulia litawekwa chujio la mkaa maalum unaonasa gesi? Lipo kwenye maoni, bajeti inaangaliwa. Jenereta? Hapo ndo wakasema haina haja sana maana saivi bwawa la Julius Nyerere linazalisha, megawati 2,115, mgao umekua historia. Watu wakaguna. Mzee akamjibu kwa upole, "Mwanangu, bwawa liko Rufiji, transfoma iko hapo kwenye kona, na ikilipuka hiyo ya kwenye kona Rufiji hawajui." Uwanja mzima ukacheka mpaka diwani.

Ila swali lililotingisha halikua la mzee. Yule bi mkubwa wa samaki alisimama, kanga kiunoni, hana karatasi, akasema, "Mimi sijasoma, nauliza tu. Mkishamaliza kujenga hayo mapampu yenu, choo changu mimi kitaingia humo?"

Kimya. Afisa wa jamii akaangalia injinia, injinia akaangalia michoro. Akasema kwa sasa awamu hii haihusishi maunganisho ya eneo la chini. Bi mkubwa akauliza tena, "Yaani kinapita mlangoni kwangu na hakinisaidii?" Injinia akasema, kwa sauti ya chini, ndio mama.

Kuanzia pale mgogoro ulikua mwingine. Ile barua ya "tunapinga" tukaichana tukaandika upya na ilikua fupi kuliko ya kwanza. Jenereta linalowaka lenyewe umeme ukikatika, na lijaribiwe mbele ya mjumbe. Chujio la harufu. Namba ya simu ya fundi wa zamu iandikwe getini, sio ile ya huduma kwa wateja inayokuwekea muziki saa nane usiku chemba inatema. Daftari la kituo, pampu imezima lini imewaka lini, na kamati iruhusiwe kulisoma. Fidia ya wenye X kwa sheria ilivyo, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia kamili, ya haki na kwa wakati, basi hayo maneno tukayanakili yalivyo. Na la mwisho ambalo tuliliweka la kwanza: vichochoro vyetu viunganishwe.

Hilo la kuunganishwa walianza kutuambia haliwezekani, nyumba zimebanana, bomba kubwa halipiti, gari la kuchimba haliingii. Bahati nzuri kuna binti wa mtaani anasomea mambo ya mazingira, akatuletea habari za Orangi, kule Karachi, Pakistani, kuanzia 1980 watu wa uswahilini kabisa chini ya Dk. Akhtar Hameed Khan walijichimbia wenyewe mabomba ya vichochoroni kwa hela zao, kichochoro kwa kichochoro, serikali ikabaki na kazi ya bomba kubwa tu. Na akasema hatuna haja ya kwenda Pakistani, nendeni Vingunguti, kuna nyumba zimeunganishwa kwa mabomba membamba yanayopita kwenye vichochoro hadi kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Tukaenda na bodaboda tukaona kwa macho. Bomba jembamba, halijafukiwa chini sana kwa sababu gari halipiti juu yake, vijichemba vidogo kila kona, kina mama wanafungua wenyewe kuzibua. Tuliporudi na picha, "haiwezekani" ikawa "tutaangalia", na "tutaangalia" kwa ofisi ni hatua kubwa msiidharau.

Kitu kimoja nitakisema kwa msisitizo kwa wale wanaoniuliza. Ahadi ya uwanjani ni upepo. Watu wazuri wanaahidi, anahamishwa Mtwara, anakuja mwingine anasema sina taarifa. Sisi kila kikao tuliandika muhtasari palepale, ukasomwa kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, wao wakasaini sisi tukasaini, mtendaji akagonga muhuri, kopi zikabaki mtaani kwenye nyumba tofauti tofauti sio kwa katibu peke yake. Injinia yule kijana kweli alihamishwa. Mwenzie alipokuja na kauli mpya kuhusu jenereta tulimsomea ukurasa na tarehe, akaomba kopi, akaondoka nayo. Hakukua na ugomvi.

Tulichopata. Jenereta lilifungwa, linanguruma vibaya sana kwa kweli, kuna jirani sasa analalamikia kelele na ana haki, ukuta wa upande wake ndo mfupi, hilo hatukuliwaza. Chujio la harufu lipo, na mzee anasema ule mkaa unachoka lazima ubadilishwe, kwahiyo tumeandika barua ya kuuliza ratiba ya kubadilisha hata kabla haujachoka. Namba ya fundi wa zamu imeandikwa getini kwa rangi nyekundu ileile ya X, sijui ni utani au rangi ndo ilikua imebaki. Kwenye fidia walipewa wengi wao, wawili walikataa thamani wakaenda kwa mthamini mwingine, bado wanavutana, na mmoja kati yao anadai mwembe wake haukuhesabiwa na mimi nilishakula maembe ya mti huo kwahiyo ni shahidi.

Maunganisho ni vichochoro viwili tu kwa kuanzia. Na hapo ndo kimezuka kisanga ambacho hakuna aliyetuonya. Mwenye nyumba hataki kulipia kuunganishwa kwa sababu choo anatumia mpangaji, mpangaji hataki kulipia kwa sababu nyumba sio yake na akimaliza kulipia kodi itapandishwa kwa kuwa sasa nyumba ina choo cha kuflashi. Na ukishaunganishwa bili ya majitaka inakuja pamoja na ya maji kila mwezi, wakati karo lililotapishwa halina bili. Kamati imekaa juu ya hili mpaka tumechoka. Kichochoro kimoja walikubaliana wagawane nusu kwa nusu na mwenye nyumba aandike asipandishe kodi kwa mwaka mmoja, mjumbe akashuhudia. Kichochoro cha pili bado mabomba yamelala pembeni ya ukuta watoto wanayachezea.

Na mambo ya kwetu wenyewe nayo yamejitokeza, maana ukishasoma daftari la kituo huwezi kujifanya hujui. Pampu inazima mara nyingi kwa sababu ya matambara na pampasi kuliko umeme. Mafuta ya kukaangia yanaganda kwenye bomba. Mchanga wa kusugulia sufuria unakula pampu. Na wale walioelekeza mabomba ya mvua ya bati kwenye chemba ili uwani pasituame, mvua moja kubwa maji yote ya paa yanaenda kwenye kisima ambacho hakikujengwa kwa ajili ya mvua, hapo hata pampu mpya itazidiwa. Bi mkubwa wa samaki tumempa kazi ya kupita nyumba zilizounganishwa, hana haya na mtu, anafunua chemba ya mtu anamwambia nikikuta mafuta humu tena nakuletea samaki zangu ukaangie chooni. Mafuta yake yeye anayaweka kwenye dumu, kuna kijana wa sabuni anapita kuyanunua.

Wa mtaa ule mlionitafuta, njooni Jumamosi mchana nitawapa kopi za mihtasari na ile karatasi ya makufuli, mkanakili mnachotaka. Mpigieni mzee kwanza kabla hamjaja, mchana anapenda kulala kidogo, na mje na ripoti ya mradi wenu kama mmeipata, atataka kuona ukubwa wa kisima kabla hajasema lolote. Hela ya wakili msiitoe bado, kamuulizeni mtendaji wenu kwanza kama orodha ya waliohudhuria kikao cha maoni ina jina la mtu yeyote wa kwenu.